Mpaka Utakapofika

Jumapili, 3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu unayoijua. Masikio ya Mama yamepungua, kwa hiyo simu ya nyumba hiyo iko kwenye spika siku zote, na kila ninachokuambia jirani mshonaji anakisikia ng'ambo ya ukuta na kutoa maoni. Hili la leo sitaki litolewe maoni. Soma ukiwa karakana, peke yako.

Nimeziangalia picha za kifua ulizonitumia. Mapafu yake yanazidi kukakamaa. Daktari wake hajakudanganya, ila amekurembea maneno. Siku moja Mama atapata kikohozi cha kawaida tu, pumzi zitamwishia, na utajikuta mbele ya daktari wa zamu usiyemjua, naye atakuuliza: tumwekee mashine ya kupumulia au tusimwekee? Utajibu kwa hofu. Kila mtu hujibu kwa hofu. Ndiyo kazi yangu hii, Kaka. Miaka yote niliyokaa huku nawasikiliza watu waliojibu kwa hofu kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi, kisha wakaenda nyumbani kuishi na jibu hilo.

Anayepaswa kujibu ni Mama mwenyewe, sasa, akiwa ameketi kwenye kiti chake na chai yake mkononi. Maswali ninayowafundisha madaktari ni haya. Anauelewaje ugonjwa wake? Anaogopa nini? Ni kitu gani akikikosa, maisha hayatakuwa maisha tena kwake? Yuko tayari kuvumilia nini ili apate muda zaidi? Uliza taratibu, unyamaze baada ya kila swali, na tafadhali usimsaidie kujibu.

Mimi nimejaribu mara mbili kwenye simu. Mara ya kwanza aliniuliza kama nimekula. Mara ya pili aliniuliza nimekula nini.

Usipige danadana, nakujua.

Mdogo wako,
Kiroboto


Jumamosi, 9 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Niseme wazi kwamba barua yako sikuipenda. Wewe umekaa huko kwenye ofisi yenye zulia unatunga maswali, halafu mimi ndiye wa kumwangalia mama yangu usoni na kumwuliza anataka afe vipi. Ungekuwa karibu ningekufinya sikio kama zamani.

Lakini nimeuliza. Jumatano, baada ya chakula cha mchana. Sikujua nianzie wapi, basi nikamwambia, "Mama, Kiroboto ametuma maswali ya kazi yake, anataka nikuulize wewe." Weee, ungemwona! Alizima redio. Akavaa miwani. Akaniambia nikae wima na nisome kwa sauti, nisimumunye maneno. Mwalimu ni mwalimu tu hata akistaafu. Mimi nababaika, yeye anajibu kama mtu anayesoma kilichoandikwa ubaoni. Hataki mashine. Hataki kuongezewa siku zisizo na maana. "Cha muhimu kwangu ni ubora wa maisha, si urefu wake." Maneno yake hayo hayo, sijaongeza wala kupunguza. Anataka utulivu, heshima, na nyumba yake. Nilipomaliza akauliza kama kuna swali jingine.

Nilirudi karakana nikalia. Nakwambia nililia mpaka mteja aliyekuja kuchukua friji yake akasema atapita siku nyingine. Jana tulikwenda kwa daktari wake, Mama akarudia yote pale pale bila kukosea, na imeandikwa kwenye faili: asiwekwe mashine. Daktari alimsifu. Mimi bado moyo umegoma. Kazi yangu ni kufufua vitu ambavyo wenyewe wamekwisha kuvitupa, sasa kwa mama yangu ndiyo nikunje mikono? Lakini amesema kwa mdomo wake, na sina ubavu wa kubishana naye.

Umeridhika?

Kaka yako


Alhamisi, 14 Machi

Kaka,

Asante. Najua ilikutoa jasho. Umefanya jambo ambalo madaktari wenye vyeti ukuta mzima wanalikwepa, na umelifanya vizuri. Umeniuliza kama nimeridhika. Ndiyo. Nimelala vizuri tangu nisome barua yako, na unajua mimi si mtu wa kulala.

Nina la kukiri pia. Jumanne nilihutubia mkutano wa madaktari wa wagonjwa mahututi, ukumbi mzima, na nilipofika katikati nikaachana na nilichoandaa nikawasimulia kuhusu mwalimu mmoja mstaafu aliyezima redio na kuvaa miwani. Sikusema ni nani. Nilipofika pale pa ubora na urefu, watu walisimama wakapiga makofi, Kaka. Yaani walimpigia Mama makofi. Nilitamani nikupigie simu hapo hapo, nikakumbuka spika.

Moyo wako utazoea. Mpe muda.

Kiroboto


Ijumaa, 22 Machi

Kitinda mimba wangu,

Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu, mshonaji ameipiga picha kwa simu yake na kukutumia. Ukiona ukungu ni mkono wake uliotetemeka. Wangu bado uko imara.

Tangu kaka yako aniulize yale maswali nangoja matokeo, na hakuna anayeniambia nimepata ngapi. Nikimwuliza yeye, anatoka nje kwenda kuangalia kitu kisichokuwepo. Nimeona nikuulize wewe mwenye mtihani. Je, nimefaulu?

Nilijiandaa, mwanangu. Yale mazungumzo yako ya redioni mwaka jana niliyasikiliza na kalamu mkononi, nikayaandika nyuma ya kalenda. Ulisema familia nyingi zinang'ang'ania mashine bure. Ulisema ubora wa maisha, si urefu wake. Kaka yako alipokuja na maswali, nikasema leo ndiyo leo. Nisingekubali watu waseme mtafiti anazunguka duniani anafundisha wenzake, halafu mama yake mzazi ameanguka kwenye maswali ya mwanawe. Hata kwa daktari nilijibu vile vile, akaandika, akaniambia, "Mwalimu, umejibu vizuri sana." Nikajua basi, huko uliko watakupandisha cheo.

Lile swali la kuogopa ndilo lililonishinda, kwa sababu redioni hukulitolea jibu. Nikasema siogopi kitu. Kama ni kosa, niondolee alama hiyo tu, mengine uniachie.

Umekula?

Mama


Jumamosi, 23 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nimekula.

Haukuwa mtihani. Mama, naomba uisome sentensi hiyo tena, haukuwa mtihani. Hakuna alama, na jibu sahihi mimi sina. Yale ya redioni yalikuwa yangu mimi, mtu mzima wa afya niliyekaa kwenye kiti kizuri mbele ya kipaza sauti. Ulichomwambia daktari kimeandikwa kwenye faili lako, na siku ukiishiwa pumzi watakifuata. Hawatarudi kukuuliza.

Tangu jana nazunguka chumbani kwangu. Nakaa, nasimama, nafungua dirisha, nafunga. Nimekuwa nikienda kwenye vitanda vya watu na koti jeupe na sura ya upole, nawauliza wanataka nini, wananijibu kwa maneno mazuri, naandika. Sasa najiuliza ni wangapi kati yao walikuwa wananipa nilichotaka kusikia, kwa adabu tu, kama unavyompa mgeni kiti kizuri.

Nisahau mimi na kazi yangu. Kama sitapanda cheo, nisipande. Niambie unaogopa nini. Niambie unataka nini wewe.

Mwanao


Ijumaa, 29 Machi

Mwanangu,

Nimesoma barua yako kwenye simu ya mshonaji, ameninyooshea herufi zikawa kubwa kama za darasa la kwanza. Kumbe nimeanguka! Sawa. Nimewahi kuwarudishia watoto wengi karatasi zao wakaanze upya, leo zamu yangu.

Naogopa kukosa pumzi. Si kufa, ni kule kutafuta hewa na kuikosa, kama mtu aliyeshikiliwa kichwa ndani ya maji. Naogopa pia kufa nikiwa na kaka yako peke yake, maana atajaribu kunitengeneza. Unamjua. Atakuwa ananigonga gonga kifua na kuninyanyua huku na huku mpaka mwisho, halafu maisha yake yote atadhani kuna nati moja alisahau kuikaza.

Na naogopa kuondoka kabla hujaja. Bibi yako, mama yangu mimi, alifariki nikiwa darasani nafundisha kugawanya. Mwalimu mkuu aliniita ofisini akanipa kiti, na mtu akikupa kiti kabla ya kusema, umeshajua. Mpaka leo sijui kama aliniulizia. Niliwauliza waliokuwepo, kila mmoja akaniambia la kwake ili kunifariji.

Kwa hiyo jibu langu ni hili, na safari hii sijalinakili mahali. Wanitie hiyo mashine. Nitaivumilia. Wanitie mpaka utakapofika. Ukifika, nikakuona kwa macho yangu, ukanishika mkono tukakaa kidogo, waiondoe. Baada ya hapo sitaki hata siku moja ya nyongeza. Nimechoka, mwanangu. Kifua hiki kinanifanyisha kazi kama punda na bado hakiridhiki.

Hilo la kuondoa usimwandikie kaka yako. Mtamwambia mkiwa pamoja. Kwenye barua atalisoma vibaya.

Mama


Jumamosi, 30 Machi

Kaka,

Nenda na Mama kwa daktari wiki hii mkabadilishe faili. Anataka mashine. Amenieleza mwenyewe, na safari hii ni yeye anayesema. Yale ya mwanzo alikuwa ananisaidia mtihani. Ndiyo, umesoma sawasawa. Alinakili redioni majibu yangu mwenyewe akanirudishia, nami nikayapeleka ukumbini watu wakapiga makofi. Ukitaka kunicheka, nicheke sasa, nitajikaza.

Ombi langu ni moja. Ikifika siku hiyo, niite. Usingoje upate uhakika.

Kiroboto


Jumatano, 17 Aprili

Kiroboto,

Simu yako inaita tu hupokei, basi nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Mama yuko kwenye mashine tangu Jumatatu. Ilianza na mafua, ya kupiga chafya tu, tukawa tunataniana. Jumatatu asubuhi nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, midomo imekuwa ya bluu. Nashukuru lile faili tulilibadilisha. Daktari wa zamu alilifungua, akaniangalia, akaniuliza, "Ni kweli anataka?" Nikasema kwa sauti ambayo nadhani na wewe uliisikia huko: anataka!

Sasa nimeingia kumwona. Ana mrija mdomoni, umefungwa kwa utepe shavuni. Hawamtii usingizi kabisa, wanampa dawa kidogo ili awe mtulivu, kwa hiyo anafumbua macho, anakujua. Mikono wameifunga kwa kitambaa laini asije akavuta mrija, mimi nikiwepo wananiruhusu kuifungua. Mashine inahema na yeye anaifuata. Daktari anasema homa ya mapafu inaweza kupungua, lakini mapafu yenyewe hayarudi. Nimemwambia tutaona.

Uliniambia nikuite nisingoje uhakika. Nakuita. Njoo.

Kaka


Alhamisi, 18 Aprili

Kaka,

Nimesoma. Pole, na hongera kwa kuwahi. Nakuja, ila si wiki hii.

Ndege za wiki hii zimejaa. Na Jumatatu nina kikao na kamati ya maadili ya chuo, siwezi kukikosa, kwa sababu nimewaandikia kwamba majibu ya utafiti wangu huenda yana kasoro kubwa na lazima nirudi kuwauliza wagonjwa upya, na nikikosa watafunga kila kitu. Huku nyuma fanya haya. Waulize wanampa kiasi gani cha oksijeni na kama kinapanda au kinashuka. Waulize kama makohozi yamepimwa ili kujua ni kijidudu gani, maana dawa ikibadilishwa mapema anaweza kupata nafuu. Waombe daktari mwingine wa kifua amwone. Waulize kama wamejaribu kumlaza kifudifudi. Waambie wamsafishe mdomo mara kwa mara, wengi wanasahau. Nitumie picha ya kioo cha mashine, namba zote zionekane.

Mwambie nampenda. Usimwambie tarehe yoyote.

Kiroboto


Jumatatu, 22 Aprili

Wewe mtoto,

Nimeuliza yote. Wamempima, wamebadilisha dawa, daktari wa kifua amekuja, amelazwa kifudifudi na kugeuzwa. Picha ya kioo nimekutumia, na nyingine, na nyingine. Kila ninapokuandikia "njoo" unanijibu "waulize". Sasa na mimi nakuuliza wewe: unasubiri nini?

Unajua daktari wake wa hapa ni nani? Kijana mmoja mpole, ana kitambi kidogo. Alipoona jina la ukoo kwenye faili aliniuliza kama tuna uhusiano na wewe, maana chuoni walisoma makala zako. Macho yalimng'aa. Akasema basi tuko kwenye mikono salama, dada yako ndiye aliyetufundisha kwamba familia zinazoahirisha huwa zinamwahirishia mgonjwa mateso. Kila siku ananiuliza unafika lini. Nimemdanganya mara ya kwanza, sasa namkwepa, nikimwona upande huu wa korido mimi natokea ule.

Nesi amempa Mama ubao mdogo mweupe na kalamu. Anaandika kwa shida, mistari inapanda na kushuka, yeye aliyekuwa akituchapa kwa mwandiko mbaya. Tangu juzi anaandika kitu kimoja: YUKO WAPI. Nafuta, tunazungumza mengine, namweleza habari za mtaani, nikimrudishia kalamu anaandika tena: YUKO WAPI. Nimwandikie nini? Kwamba una kikao?

Na wanataka kumtoboa koo. Mrija wa mdomoni haukai muda mrefu, unaumiza, kwa hiyo wanapitisha mwingine hapa shingoni, na huo unaweza kukaa miezi. Wananihitaji niweke sahihi. Mimi mwanzoni niliona ni sawa, kwa nini isiwe sawa. Lakini sitaki kuamua peke yangu jambo ambalo wewe umelisomea maisha yako yote.

Kama umetuona si watu wa hadhi yako siku hizi, sema nijue.

Kaka yako, kama bado unanihesabu hivyo


Jumanne, 23 Aprili

Kaka,

Ndege hazijajaa. Kila asubuhi nafungua na kuangalia, na viti viko tele. Kikao cha jana kiliisha kabla chai haijapoa. Begi langu liko mlangoni. Nalifungasha, nalifungua natoa nguo naning'iniza, nalifungasha tena. Majirani wa chini wamelalamika kwamba natembea sana.

Mama aliniambia jambo akaniomba nisikuandikie. Sasa naandika. Ni kweli alisema anataka mashine, lakini nilikupa nusu. Maneno yake ni kwamba wamtie mpaka nitakapofika. Akiniona, nikamshika mkono, waiondoe. Hataki siku moja zaidi baada ya hapo. Alisema amechoka.

Umeelewa sasa? Nikikanyaga chumba kile, nimemaliza. Wewe unamwona akiniulizia ukadhani ni hamu ya mtoto. Anaulizia ruhusa yake ya kuondoka, na nimeikalia mimi.

Najua nitakachojibiwa, kwa sababu huwa nakijibu mwenyewe. Kuondoa mashine si kuua. Ugonjwa ndio unaoua, mashine inaacha tu kuuzuia. Nimewaambia waume, wake, watoto wa watu, wamelia mbele yangu nikawapa karatasi laini wafute macho. Nilikuwa naamini na bado naamini. Ila miguu haiamini, Kaka. Maadamu niko huku, Mama yuko hai, na mimi bado nina mama. Hicho tu ndicho ninachosubiri. Nilikutuma kuuliza kuhusu makohozi na oksijeni ili ipite siku nyingine.

Kuhusu koo, sijui niseme nini. Tusi lolote ulilonalo, halali yangu.

Kiroboto


Jumamosi, 27 Aprili

Kaka,

Mbona kimya? Nimepiga hupokei. Nimempigia mshonaji, anasema unapita asubuhi na kurudi jioni husemi na mtu. Wamemtoboa? Nitukane basi, angalau nijue.

Kiroboto


Jumatatu, 29 Aprili

Kiroboto,

Nilinyamaza makusudi.

Barua yako niliisoma kwenye benchi lile lile. Kwanza nilitaka kuvunja kitu, na hapa hakuna kitu changu cha kuvunja. Kunipa nusu! Mimi niliyepiga kelele mbele ya madaktari kwamba anataka, kumbe nilikuwa nimeshika kipande cha mbele tu. Halafu hasira ikashuka, na chini yake nikakuta furaha. Nakwambia ukweli, nilifurahi. Nilisema moyoni, kumbe ufunguo uko kwake, na yeye haji. Asije basi. Nikinyamaza hatakuja, na asipokuja Mama yupo. Hata kukutukana niliogopa, usije ukaona aibu ukapanda ndege.

Kwa hiyo siku hizi zote tulikuwa wawili tunaomshikilia, wewe huko na mimi hapa. Ubao niliuficha. Nilimwambia nesi kalamu imekauka. Na Jumamosi nilikubali wamtoboe koo, ila mwenye kufanya hiyo kazi alikuwa na dharura nyingine wakaisogeza mpaka leo.

Jana mchana nilikuwa nimekaa naye. Kitanda chake kinatazama mlango, na mlango ule unafunguliwa kila mara, anaingia wa dawa, wa shuka, wa kupima. Kila ukifunguka anafumbua macho. Nilikuwa nimeshaliona hilo, nikajitia hamnazo. Sasa jana akaingia nesi mgeni, amehamishwa wodi, mrefu mwembamba, anatembea haraka haraka kama wewe, na mwanga wa korido uko nyuma yake usoni haonekani. Mama aliinua mikono yote miwili. Na mabomba yake yote, na sindano ya dripu, aliinyanyua juu kabisa. Sikujua kama bado ana nguvu hizo. Nesi akaja akampima joto, akaandika, akatoka. Mama akaishusha mikono taratibu. Hakulia. Aligeuza kichwa akaanza tena kuutazama mlango.

Nilitoka nikamtafuta yule daktari wa kitambi, safari hii mimi ndiye niliyemfukuza yeye kwenye korido. Nikamwambia asitoboe. Nikamwambia dada anakuja. Aliniuliza lini, nikasema anakuja.

Elewa kwamba sitaki uje. Nikisikia umefika uwanja wa ndege nitataka nikimbie. Sijui nitakavyosimama hapo wakati wanazima, mimi ambaye sijawahi kuzima kitu nikaacha kukiwasha tena. Lakini njoo, Kiroboto. Ubao nimemrudishia. Nimemwandikia mimi kwa herufi kubwa kwamba unakuja, na ameuweka kifuani, hataki nesi auguse.

Kaka


Jumanne, 30 Aprili

Mama,

Shikamoo. Usijibu, mrija utakuumiza. Kaka anakusomea hii sikioni, wewe sikiliza tu.

Nimepata kiti cha kesho asubuhi. Nimeshalipa na begi nimelipeleka kwa mwenye teksi likalale kwenye gari lake, nisije nikalifungua tena. Nilichelewa kwa kutaka, Mama. Nilijua utafanya nini nikifika, nikaona bora nisifike. Umekaa na huo mrija mdomoni siku zote hizi kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa mzima, nina miguu, nina nauli. Nisamehe.

Nimezungumza na daktari wako. Nimemwomba kesho asiniite daktari, mimi ni mtoto wa mgonjwa. Yeye ndiye atakayeondoa. Kabla ya hapo atakupa dawa ya kutuliza, na ataongeza kila utakapohitaji, ili usitafute hewa ukaikosa. Hilo ulilosema unaliogopa nimemwuliza, akanijibu, nikamwuliza tena mpaka akacheka. Hutalisikia. Kaka atakaa upande mmoja na mimi upande mwingine, na mikono yake nitaiangalia, hatakugonga gonga.

Na ukiniona ukabadili nia, badili. Ukitaka tukae hivyo hivyo mpaka keshokutwa, tutakaa. Utanibana mkono, nitaelewa. Jibu lolote utakalonipa ni lako, sitaliuliza mara mbili.

Umeutazama mlango huo vya kutosha. Nikiingia nitaufunga nyuma yangu, upumzishe macho.

Mwanao